Inakula Wapi? Maisha ya Hippolyte Lokana wa Mudzipela (1952–2003)

Ndugu, majirani, na ninyi madereva mliozima magari yenu barabarani ili kumsindikiza: mimi ni Scholastique, mdogo wa marehemu. Familia ilinipa kazi ya kusoma maneno haya kwa sababu, walisema, ndimi niliyebishana naye miaka mingi kuliko wote. Penye kucheka mcheke, maana yeye mwenyewe angecheka.

Hippolyte Lokana alizaliwa Iga Barrière tarehe 14 Aprili 1952, wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa barabara, wa kufyeka majani na kuziba mashimo, kwa hiyo kaka alikua akitazama magari. Mama alisimulia kwamba akiwa na miaka mitano alilia siku nzima kwa ajili ya lori moja lililopita "likichechemea". Wakubwa hawakumwamini. Jioni lori lile lilirudi likivutwa na lingine.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1959 hadi 1965. Hesabu aliipenda, lakini Kifaransa kilimtoa jasho. Mwalimu akimwambia achore mistari miwili ya sambamba ubaoni, aliichora bila kukosea, ila neno lenyewe, parallèle, liligongana mdomoni mwake. Likaja kuwa neno la kazi yake, maana ndivyo mafundi wanavyoita kunyoosha magurudumu yatazame njia moja, na bado alilitamka "paralele" mpaka madereva wakamwita Papa Paralele.

Mwaka 1969 alishuka Bunia kujifunza ufundi katika gereji ya mfanyabiashara mmoja. Huko ndiko alikompata mkewe, Mama Léontine, aliyekuwa akiuza samaki wa Kasenyi. Lori la samaki lilikuwa limeegeshwa juani, tairi ya mbele imekwisha. Kaka, kama kawaida yake, aliinama akauliza, "Inakula wapi?" Yaani tairi inalika upande gani, wa ndani au wa nje. Léontine alijibu toka juu ya magunia: "Iko inakula samaki yangu! Fanya mbio, jua iko inaoza vyote!" Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976. Kamba ya nailoni iliyofungia magunia yale aliichukua, na akaitumia kupima magari hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1984 alifungua quado yake hapa Mudzipela, kibanda cha kuziba na kubadilisha tairi. Wengi wenu mnakumbuka alivyopitisha kiganja juu ya tairi, polepole, amefumba macho. Ikiwa imelika katikati, upepo umezidi. Ikiwa imelika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Ikiwa imelika ukingo mmoja tu, alisema tusiilaumu tairi, tutafute kilichopinda. Ndipo alipoinyoosha ile kamba toka gurudumu la nyuma hadi la mbele, aone kama gurudumu la mbele linatazama njia au linatazama pembeni.

Sasa nitasema kosa lake, kwa kuwa aliniomba nisilifiche. Mafundi wote wa mji huu wana desturi moja. Tairi ikilika upande wa ndani na mwenye gari ana haraka, wanaing'oa kwenye rimu na kuigeuza, upande mzima uingie ndani. Gari inatembea wiki kadhaa zaidi, na kilichopinda kinabaki kimepinda. Kaka naye aligeuza. Vita vilikuwa vimechosha kila mtu, na aliacha kuvuta kamba.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi mwingine wa quado, Antoine Vahwere, mtu wa Butembo. Kwa miaka mitano hawakusalimiana, kwa sababu ya mteja mmoja ambaye hata jina lake walilisahau. Nilimwambia kaka mara nyingi aache utoto huo.

Februari 2003, mchana, pikapu ya wenye bunduki ilipasuka tairi ya mbele ya kushoto karibu na soko, na mmoja wao akavunjika mkono. Siku tatu kabla, Vahwere ndiye aliyeziba tundu la tairi ile. Mkubwa wao aliitazama, akaona kingo zote mbili zimelika. Alijua kidogo mambo ya gari, na hicho kidogo ndicho kilichotuponza. Akasema upepo ulikuwa mdogo, Vahwere alipunguza kusudi ili wafe, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuja. Wakampigisha magoti. Ninyi mlioishi hapa wakati ule mnajua kilichofuata watu wakipigishwa magoti.

Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha kaka. Nilimshika shati. Nakiri mbele yenu: nilimwambia anyamaze. Aliutoa mkono wangu, akachukua kamba, akavuka barabara.

"Mukubwa, haiko Vahwere," alisema. "Ile pneu ni miye niligeuza, wiki tatu sasa. Ilikuwa inakula ndani, nikageuza, ikakula tena ule upande ingine. Njo maana iko imekwisha mbili yote. Upepo haina kosa."

"Weye? Unajua unasema nini?"

"Najua. Tazama ile ya kuume, ile sikugeuza. Inakula wapi?"

Mkubwa alizunguka gari. Tairi ya kuume ilikuwa imelika ndani tu. Kaka akapiga magoti kando ya Vahwere, akafunga kamba nyuma, akampa mwenzake ncha ya pili. "Shika, Antoine. Vuta." Hilo lilikuwa neno lao la kwanza kwa miaka mitano. Kamba iligusa ukingo mmoja wa gurudumu la mbele, na ukingo wa pili ukabaki wazi, vidole viwili vizima. Ndipo dereva wao aliposema kwa sauti ndogo kwamba miezi miwili nyuma aliingia shimoni, akaogopa kusema.

"Mutengeneze," alisema mkubwa. "Ikikula tena upande moja, nitarudia nyinyi bawili."

Walitengeneza pamoja hadi saa kumi. Kisha wakangoja. Léontine alimsihi kaka akimbilie Kasenyi, naye akakataa kumwacha Vahwere peke yake. Siku ya kumi na tisa pikapu ilirudi. Mkubwa hakushuka, alionyesha tairi kwa kidole tu. Kaka alipitisha kiganja, akafumba macho, akamwita Vahwere apitishe chake. Kisha akasema, "Sawasawa." Gari ikaondoka, na wale wazee wawili wakakaa chini mavumbini wakicheka hadi wakalia.

Baada ya hapo hakugeuza tairi tena bila kuvuta kamba. Mei, vita vilipoingia mjini, familia zetu mbili zilikimbilia kambi ya uwanja wa ndege chini ya hema moja. Vibanda viliporwa vyote, lakini kamba ilikuwa mfukoni mwa Léontine. Julai walijenga kibanda kimoja, cha wote wawili.

Agosti miguu yake ilianza kuvimba, na Oktoba figo zikachoka. Hospitalini, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimwambia muuguzi, "Mama, hii yako iko inavuta kushoto." Muuguzi alidhani anaweweseka. Tuliangalia: gurudumu moja lilikuwa limepinda. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2003, saa tatu asubuhi, Léontine na Vahwere wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, Mama Léontine, watoto wanne, Ketsia, Fiacre, Micheline na Ephraïm, wajukuu watatu, ndugu zake watano, na Antoine Vahwere, ambaye familia imeamua aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Jana wachimbaji walipouliza kaburi lielekee wapi, Vahwere alitoa ile kamba, akapiga magoti, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kushika ncha ya pili. Ketsia alipiga magoti upande wa pili akavuta. Jumatatu anaanza kazi kibandani.

Kaka, tumekupima vizuri. Lala sawasawa, na Mungu akupokee.