Jumatano ya Ving'amuzi Vilivyolewa

Baada ya miaka ishirini na saba, miezi mitatu na siku nne za utumishi, ndugu Zenobio Yucra Tarquino, fundi mkuu wa madishi na ving'amuzi katika ofisi yetu ya Patacamaya, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 7 Machi 2025. Makao makuu walimpa ruhusa ya kuondoka tangu Desemba, apumzike kipindi cha sikukuu. Alikataa. Alisema hawezi kuondoka kabla ya Jumatano ya Majivu kupita, na kila mtu katika jengo hili anajua kwa nini. Asiyejua na asome.

Mhariri wa jarida ameniagiza niandike sifa za mstaafu na nisiweke maneno ya watu. Nimemsikia. Lakini Zenobio bila maneno yake ni king'amuzi bila kadi, kwa hiyo mhariri atanisamehe.

Alianza kazi tarehe 3 Desemba 1997, akitokea sokoni alikokuwa akitengeneza redio. Madishi ya wakati huo yalikuwa makubwa, na ofisi haikuwa na gari. Alipanda baiskeli na dishi mgongoni, akipambana na upepo wa nyanda za juu, na kuna siku upepo ulimshinda akajikuta anarudi alikotoka. Mbwa wa kila kijiji walimjua kwa sura, na baadhi yao kwa ladha. Suruali alizopoteza kazini hazikuwahi kufidiwa, na anaomba hilo liandikwe. Nimeliandika.

Mimi nilikaa kwenye dawati la simu kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Nilipewa kitabu cha kurasa arobaini kinachoeleza la kufanya mteja akisema picha imepotea: zima, subiri, washa, toa kadi, rudisha kadi, kagua waya. Zenobio alikipitia, akakitumia kuegemeza mguu wa meza yangu, kisha akanifundisha njia yake. "Dada Wilma, kabla hujamgusisha mtu waya, muulize nani yuko nyumbani na kuna mnyama gani uani." Nilidhani ananitania. Wiki ile ile akapiga bwana mmoja ambaye picha yake ilikatika kila mama mkwe alipomtembelea. Tuliuliza. Mama mkwe alikuwa akichomoa plagi ya king'amuzi ili achaji simu yake, na mkwe hakuthubutu kusema neno. Mteja mwingine alipoteza mawimbi kila asubuhi mpaka tukaambiwa kuna llama aliyependa kujikuna kwenye mguu wa dishi. Zenobio alimzungushia llama wigo, akaliacha dishi kama lilivyo.

Sasa tuje kwenye Jumatano yenyewe.

Jumanne ya Kanivali, siku moja kabla ya Majivu, kwetu ni siku ya challa. Kila kinachokulisha na kukuhifadhi unakishukuru: nyumba, lori, kibanda cha sokoni, shamba, kondoo. Unakifunga tepe za karatasi za rangi, unakirushia maua, halafu unamwaga bia na pombe kali ili Pachamama, mama yetu ardhi, naye apate kinywaji chake. Hilo halina ubishi. Ubishi ulianza king'amuzi kilipoingia kwenye orodha ya vitu vya kushukuriwa. Watu hawakuwa wachoyo. Walikimwagia barabara, na bia ikaingia kupitia yale matundu ya kutolea joto. Nje nako dishi lilivikwa maputo na tepe, upepo ukayavuta, dishi likasogea upana wa kidole, na upana wa kidole unatosha kabisa kuipoteza setilaiti. Jumatano ya Majivu simu hazikupumua. Mwaka wangu wa kwanza nilizipokea sitini na tatu kabla ya chai ya saa nne, na kila aliyepiga aliapa hajakigusa king'amuzi chake. Nyuma yao nilisikia bendi bado inapiga.

Kanuni ya kampuni ilikuwa ngumu. King'amuzi kilichoharibiwa kwa kumwagiwa kitu kinachukuliwa, na mteja hapewi kingine mpaka mwaka uishe. Zenobio hakuweza kuitekeleza. Kwenye fomu, penye nafasi ya "Sababu ya hitilafu", aliandika "Unyevu wa hali ya hewa", akampa mteja kifaa kipya na kwenda nyumba inayofuata. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyeuliza. Mwaka 2008 aliandika maneno hayo mara sitini na moja kwa wiki moja. Huko Santa Cruz, makao makuu, mtu alifungua kifaa kimoja. Kilinuka shayiri, na juu ya bodi ya ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya rangi ya waridi.

Januari 2009 barua ikaja. Mhandisi Justiniano angefika kukagua, na siku aliyochagua ni Jumatano ya Majivu yenyewe. Fomu moja tu ya uongo ikipatikana siku hiyo, Zenobio angefukuzwa papo hapo. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa, imo mkobani mwa mhandisi. Wakati huo Zenobio alikuwa na watoto watatu shuleni, na zile redio za sokoni hakuna aliyezileta kutengenezwa tena. Sikulala vizuri wiki ile, nalisema wazi. Yeye alikuwa akinoa bisibisi zake na kupiga mluzi.

Walianzia kijiji cha Jankokollu, kwa mjane tunayemwita kwa heshima doña Casimira Poma. Haya ninayoyasema walinisimulia wote wawili, fundi na mhandisi, na hawakupishana popote isipokuwa kwenye idadi ya sahani alizokula mhandisi.

Doña Casimira hakuapa kitu. Aliwaonyesha king'amuzi kikiwa kimevishwa tepe za manjano na kijani, bia ikichuruzika hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Mama, kwa nini umemwagia bia kifaa cha umeme?" mhandisi akamuuliza. Mhandisi ni mtu wa nchi tambarare ya joto, na alikuwa ameshaanza kuumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko wa huku kwetu.

"Nyumba nimeimwagia. Kondoo nimewamwagia. Hiki kinaniletea mwanangu kila siku saa saba mchana, nikinyime?"

Binti yake, Nieves, alikuwa akisoma taarifa ya hali ya hewa katika habari za mchana, huko La Paz. Tangu aanze kazi hiyo, miaka miwili, mama yake hakuwa amekosa hata siku moja. Mwenyewe hakuwa na simu, na nauli ya La Paz haikuwa jambo la kila wiki.

Mhandisi akatoa fomu na kalamu. "Haya, fundi. Andika sababu."

Zenobio aliishika ile kalamu bila kuandika. Akiandika kweli, doña Casimira angekaa mwaka mzima bila kumwona mwanawe. Akiandika unyevu, barua ingetoka mkobani. Akaiweka kalamu mezani na kumgeukia mwenye nyumba.

"Doña Casimira, ile pombe kali ya kopo ya challa imebaki?"

"Imebaki nusu. Unataka kunywa asubuhi yote hii, fundi?"

"Si mimi. Ni yeye," akakionyesha king'amuzi.

"Huyu bwana anataka kumalizia kukilewesha!" mhandisi akasema.

Zenobio akamweleza kwa upole, kama anavyotueleza sote. Bia ina sukari, na sukari ndiyo inayonata kwenye bodi na kuunganisha njia za umeme zisizopaswa kukutana. Pombe tupu haina sukari. Inaosha, kisha inapaa na kwenda zake bila kuacha alama. Akachomoa plagi, akafungua skrubu, akatoa mswaki mfukoni na kuisugua ile bodi kwa pombe ya challa, pembe kwa pembe. Halafu akailaza juu ya ngozi ya kondoo uani, juani. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yakijikusanya. Ni Februari, na mvua ya mchana huku haikawii.

Hapo ikawa kusubiri. Doña Casimira alimpa mhandisi majani ya koka ya kutuliza kichwa, kisha nyama ya kondoo na chuño, vile viazi vyetu vya kukaushwa kwa baridi. Mhandisi anasema alikula sahani moja. Zenobio anasema tatu. Mwenye nyumba hakula. Alikaa mlangoni akitazama mawingu, akirudi ndani kutazama saa, akitoka tena.

Matone ya kwanza yalidondoka saa saba kasoro dakika tano. Zenobio aliifunika bodi kwa kofia yake na kukimbia nayo ndani. Akaunganisha, akafunga skrubu mbili tu kati ya sita, akachomeka plagi. Taa nyekundu. Taa ya kijani. Kioo kikabaki cheusi, kikaandika kwamba kinatafuta mawimbi, kikaendelea kutafuta. Mhandisi naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amesimama na ameacha kutafuna. Picha ikaja. Nieves akiwa na koti la buluu mbele ya ramani, akisema kwamba nyanda za juu zitegemee mvua mchana huu.

"Umechelewa, mwanangu," doña Casimira akamjibu. "Tumeshalowa." Akakaa kitini akalia, huku akiwaambia wageni waendelee kula.

Kwenye fomu Zenobio aliandika: "Mteja alikimwagia bia kwa shukrani. Kimeoshwa kwa pombe ya mteja. Kinafanya kazi." Mhandisi aliisoma mara mbili. Alisema kanuni inahusu kifaa kilichoharibika, na hiki hakijaharibika. Mkoba haukufunguliwa. Zenobio alipata onyo la maandishi kwa zile fomu sitini na moja, na sharti moja: mwaka unaofuata ving'amuzi vilivyolewa visizidi kumi.

Ndipo alipobuni kile ambacho mimi nakihesabu kuwa kazi kubwa ya maisha yake, ingawa hakipo kwenye cheti alichopewa. Wiki tatu kabla ya Kanivali ya 2010 alipita nyumba kwa nyumba na sururu. Kwenye mguu wa kila dishi alichimba kishimo, akakipanga mawe. Kwa kila mtu alisema maneno yale yale: "Pachamama yuko ardhini, hayuko ndani ya plastiki. Mnyweshe hapa. Mwaga utakavyo, mwaga kreti nzima. King'amuzi kipe ua moja kavu. Moja! Na tepe zifungwe chini ya goti, upepo usizishike." Wazee walilikubali kuliko alivyotarajia, kwa sababu waliona mantiki yake. Mwaka huo vilikufa tisa. Mwaka 2016 vilikufa vitatu. Mwaka jana hakikufa hata kimoja. Siku hizi kitabu cha simu cha makao makuu kina ukurasa wa challa, tena kwa lugha nzuri, lakini hakina jina la aliyeubuni. Basi nalitaja hapa kwa mara ya pili: Zenobio Yucra Tarquino.

Juzi ilikuwa Jumatano yake ya mwisho. Alifika saa moja kamili, amechana nywele, akaketi karibu na simu yangu. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Aliangalia kama waya wa simu umechomekwa. Nilimwonea huruma, maana mtu akifanya kazi yake vizuri mno anajikuta hana cha kufanya. Saa nne simu ikalia. Alikuwa doña Casimira, ambaye sasa ana simu na miaka themanini na mmoja. King'amuzi kimekufa, alisema, kimekufa kabisa, fundi aje mwenyewe asitume mtu.

Dawati halikuwa na kazi, nikaenda naye. Kishimo cha kwenye mguu wa dishi kilikuwa kimejaa bia na maua, kama inavyotakiwa. Ndani, king'amuzi nacho kilikuwa kinaogelea.

"Doña Casimira," Zenobio akasema, "miaka kumi na mitano hujakosea. Umesahau kishimo kiko nje?"

"Sijasahau kitu. Nimesikia unaondoka Ijumaa. Nisingemwaga, ungekuja kuniaga?"

Zenobio aliomba ile pombe ya kopo, akatoa mswaki. Tulikula kondoo na chuño, na mimi nakiri sahani mbili. Saa saba mchana Nieves alikuwepo kwenye kioo, sasa amevaa miwani, akisema kwamba mbingu za nyanda za juu ni safi na hakuna dalili ya mvua popote.

Garini Zenobio alijaza fomu yake ya mwisho, akanikabidhi bila kunitazama. Penye "Sababu ya hitilafu" ameandika: "Unyevu wa hali ya hewa." Nimeisoma, nimeigonga muhuri, nimeiweka kwenye faili. Makao makuu wakitaka kutuma mhandisi, na waje.

Tunamshukuru mama Plácida, mkewe, aliyeshona suruali zote hizo, na watoto wao watatu, ambao wote walimaliza shule. Na wewe, fundi, tunakuombea siku ndefu, miguu myepesi na mbwa wenye adabu. Mimi binafsi nitakukosa sana. Kwenye mguu wa dishi la hapa ofisini tumechimba kishimo na kukipanga mawe, kama ulivyotufundisha. Jumanne ya Kanivali ijayo usisubiri kitu kiharibike. Njoo tu, umwage wa kwanza.

Wilma Condarco, dawati la simu