Fundi Cheche, Aliyekaa Mlangoni Nyumba Zikapanda Bei

Ndugu wafiwa, majirani wa zamani mliopanda mabasi mawili kuja mtaa mlimozaliwa, majirani wapya mlioleta maua, na wewe dalali wa nyumba uliyewahi mapema ukakaa kando ya kijana wa marehemu, nawasalimu nyote, mimi dada mtu, niliyepewa kusoma wasifu huu kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki ninayekumbuka mwanzo.

Ndugu yetu, ambaye wote mlimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 11 Machi 1947, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa pili na wa mwisho, mwenye kichwa kikubwa ambacho mama hakuwahi kukisamehe. Alisoma shule ya msingi inayotazamana na geti la karakana ya meli, akamaliza mwaka 1961, ingawa macho yake yalimaliza mapema zaidi, maana siku zote yalikuwa dirishani.

Mwaka 1963 aliajiriwa karakanani kuchomelea vyuma, akaifanya kazi hiyo mpaka geti lilipofungwa tarehe 30 Septemba 1994, siku ambayo wanaume wa mtaa huu walirudi nyumbani mchana na ovaroli zao, wasijue wakae wapi. Mwaka 1971 alimwoa mshonaji aliyekuwa akitia viraka ovaroli za mafundi, na watu walisema alikuwa akiichoma yake makusudi ili apate sababu ya kwenda, jambo ambalo nathibitisha ni kweli. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni dereva wa lori. Mkewe alitutoka tarehe 2 Mei 2009.

Baada ya hapo marehemu alikuwa akishinda mlangoni na ovaroli yake, kama walivyofanya mafundi wote wa meli, kazi iwepo isiwepo, na wakati huo nyumba za hapa hata bure hazikupata mtu. Ndipo mwaka 2018 akaja dalali huyu na kamera, akamwambia, "Babu, kaa hivyo hivyo, usicheke," na ndugu yangu, mpenda sifa tangu utoto, akakaza uso kama anadaiwa. Nilimwambia, "Wewe, unagawa sura yako bure?" akanijibu, "Dada, huo wivu, nani akupige picha wewe na meno hayo?" Tangu hapo alifua ovaroli kila Ijumaa kwa ajili ya wageni ambao dalali aliwaleta Jumamosi kutazama nyumba, akidhani wanakuja kwa heshima ya meli, na wageni walikuja kweli, wakanunua, bei zikapaa, mwashi akahama, muuza samaki akahama.

Binti yake, aliyekuwa amepanga mtaa wa pili, ndiye aliyemsomea tangazo la dalali, picha yake juu, na chini imeandikwa kwamba huu ni mtaa wenye wazee wa meli wa kweli kweli. Kisha akamwambia kwamba mwenye nyumba wake amepandisha kodi na mwisho wa mwezi anahama. "Baba, umenipandishia kodi," alisema kwa utani, lakini marehemu hakucheka.

Tangu siku hiyo alifunga mlango akakaa ndani, na dalali alipogonga, "Babu, mbona hukai nje, wateja wanakuulizia," alimjibu maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya jeneza. Kifua chake, kilichokula moshi wa vyuma miaka yote ile, kikazidi kubana, akalazwa mwezi Januari, akaruhusiwa, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2021, binti yake akiwa bado kwenye basi la pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wachache waliobaki, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza ingawa wao wenyewe wanahitaji kubebwa. Nakushukuru na wewe dalali kwa rambirambi, na kwa kuniuliza jana, kwa adabu kabisa, kama ovaroli ya marehemu inaweza kutundikwa ukutani wakati nyumba inaonyeshwa kwa wateja. Ovaroli ameivaa, yumo nayo humu, kwa agizo lake mwenyewe, na nyumba haionyeshwi, kwani alituagiza, mimi na watoto wake wote wawili, kwamba atakayelala chumba cha nyuma ni binti yake, na ufunguo huu hapa namkabidhi mbele yenu. Mwanangu dereva, usiinamishe kichwa, ulisikia.

Kapumzike, mdogo wangu, hakuna tena anayekupiga picha, sasa unaweza kucheka.