Bi Geesje Wolthuis, Msikilizaji wa Maneno ya Kuja

Kwa kuwa na bahati, hakuna anayenifikia katika nyumba hii ya kamusi. Mwezi wa tatu tuliambiwa chumba chetu cha kazi cha watu wawili hapa Deventer kitabaki na mtu mmoja. Tukavuta vijiti, mimi nikapata kirefu. Na niliponea chupuchupu: nina miaka hamsini na minne, cheti sina, ningeenda wapi? Basi Bi Geesje Wolthuis anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minane, na mimi, Berend mbeba karatasi, nabaki.

Kazi yake ilikuwa maneno yaliyoingia Kiholanzi kutoka nje. Neno likifika mwisho wa mstari, likatwe wapi? Sauti ikaziwe silabi ipi? Vitabu pekee havikumtosha. Alipanda baiskeli akawasikilize watu wasiojua wanasikilizwa.

Siku moja, mvua inanyesha, tuliingia kwa mwoka mikate. Bi Geesje akauliza kama ana paraplu, yaani mwavuli.

"Paraplu? Bibi wee, hapa mikate! Mvua imekuingia kichwani?"

"Asante, mwanangu, nimeshapata."

Akatoa kadi, akaandika pa-ra-plu, nukta juu ya silabi ya mwisho, pale jamaa alipokaza sauti. Nikamlazimisha anunue mkate wa zabibu, maana foleni nzima ilikuwa imetutolea macho.

Kadi hizo zimefika elfu kumi na moja. Kamusi zetu tatu zimesimama juu yake. Nami nimetembea, Paris nimefika mara nne, lakini sikio kama lile sijaliona.

Maneno mengi ya kadi hizo niliyatamka mimi kwanza.

"Tamka, Berend, usifikiri."

"Kufikiri sijawahi, Bi Geesje."

"Ndiyo maana nakuamini."

Saa nne asubuhi ni kahawa na biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo la biskuti linafungwa. Kwangu mimi alilifungua tena kila siku, akijifanya anatafuta kijiko.

Bi Geesje, tunakushukuru sote. Baiskeli isikuishie upepo, na maua ya bustani yako yakuchoshe kwa kuchanua.

Na ile bahati yangu niliyowatambia nyote kantini ni uongo. Hakukuwa na vijiti. Alikwenda ofisini mwenyewe, akaomba aondoke miaka miwili kabla ya wakati wake ili nibaki mimi. Alinikataza nisiseme.