Aliyewaamkia Watu wa Mwambani

Basi liliiacha Manyoni Bi Dorkas, katika masimulizi ya safari yake, akiwa bado yuko Kolo kwenye michoro ya mwambani. Mzee Anselm, ambaye hawakujuana naye ila kwa kukaa kiti kimoja, alikuwa ameshachoka kuitikia.

"Yaani dada, kwa umri huu umekwenda mpaka Kondoa kuangalia mawe? Singida mawe yanatunyima hata pa kulima!"

"Haya yana watu, kaka. Wamechorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, warefu, kama wanakwenda mahali. Mtembeza wageni akasema walichorwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nikavua kandambili, nikapiga goti, nikasema shikamooni."

"Ukaamkia mwamba?"

"Sasa mtu amemzidi babu yako, utampita tu kama kisiki? Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini." Bi Dorkas naye akacheka, kisha sauti ikashuka. "Kaka, kule kwetu Issuna wakubwa zangu wote tumeshawazika. Kila nikipita, marahaba, marahaba. Pale mwambani, baada ya miaka mingi, nikajiona mtoto."

 Anselm akajaribu kukumbuka mtu wa mwisho ambaye yeye mwenyewe alimwamkia shikamoo. Akamwona kaka yake, na kaka yake alikuwa kaburini.

"Mkiwa! Wa Mkiwa washuke!" kondakta akaita.

Anselm akashuka kwa taabu, mkono mmoja ukiwa kwenye goti. Chini akageuka, akapaza sauti kuelekea dirishani:

"Dada! Huko Kolo, mwenye magoti mabovu anaweza kupanda mpaka mwambani?"

Basi lilikuwa limeshaondoka.