Mashine ya Mama Arlette Irudi Kabla ya Udongo

Ndugu, jamaa na majirani mliotuletea maji na kuni tangu Jumanne, asanteni. Wasifu huu wa Mama Arlette Kisimba unasomwa na binti yake mkubwa, Joëlle. Familia imeuandika kwa uchungu na kwa hasira, na haitaficha hata kimoja.

Mama Arlette alizaliwa Kirungu, katika wilaya (territoire) ya Moba, tarehe 14 Februari 1966. Shule ya msingi alisoma huko huko kwa masista, kisha akateremka Kalemie kumalizia masomo ya ukatibu, akapata diploma ya serikali mwaka 1985. Upole wake ulikuwa wa kanisani tu. Nyumbani, ukimuuliza jambo lile lile mara ya pili, ulijuta.

Kazi yake ilikuwa ukatibu katika ofisi moja ya bandarini, tangu 1986 hadi 2014, akipiga chapa karatasi za mizigo ya meli za Kigoma. Aliweza kupiga chapa huku akigombana na mtu mlangoni, na asikosee.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Guelord, fundi wa injini za treni. Injini hizo zilimla masikio polepole, na kufikia 2013 alikuwa hasikii kabisa. Watu wakaanza kumsalimu mkewe tu, yeye wakimpita kama kiti. Jambo hilo lilimuudhi Mama Arlette mpaka anaingia kaburini.

Ndipo akanunua kompyuta kuukuu ya ofisini kutoka Kigoma, akaiunga kwenye televisheni ya sebuleni. Akaiwekea mfumo wa Linux na programu huria ya kuonyesha filamu, kwa kuwa mashine ilikuwa imechoka, haiwezi kubeba Windows mpya, na programu ile ilimruhusu kukuza maandishi ya chini ya picha kadiri alivyotaka. Ilimtoa jasho. Kwanza skrini ilibaki nyeusi. Ilipowaka, kingo za picha zilikatwa, na maandishi yakakatwa nazo. Telekomande ikagoma, ikabidi aifundishe mashine kitufe kimoja kimoja. Sauti nayo haikutoka kwa miezi. Majirani waliokuja kutazama mpira wakanung'unika, naye akawageukia: «Mwenye nyumba hasikii, na hajalalamika. Ninyi munalalamika nini?» Sauti aliitengeneza mwisho kabisa, tena amenuna.

Halafu akaketi kuandika. Alisikiliza kipande cha filamu, au mahubiri, au mchezo wa kuigiza, akakiandika kwa Kiswahili, akakipanga kitokee pale midomo inapofunguka. Kwenye harusi ya Joëlle, mwaka 2018, Papa Guelord alikaa meza ya mbele akitabasamu bila kujua kinachosemwa. Mwezi uliofuata mkewe alimkalisha mbele ya televisheni, akamwonyesha harusi nzima ikiwa na maandishi, pamoja na maneno ya binti yake: «Papa, ulinibeba mugongoni mpaka shuleni, mvua inanyesha. Leo ninakushukuru mbele ya bantu.» Papa Guelord alilia, akaomba irudishwe nyuma aone tena. Maandishi hayo yamo ndani ya mashine ile tu. Nakala nyingine hakuna.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Hata kitandani aliendelea kuandika, kibodi mapajani, akimfukuza yeyote aliyemwambia alale. Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jumatano, wanawake wakiwa jikoni na Papa Guelord amelala kwa uchovu, kaka wa marehemu, Papa Damien, aliingia sebuleni na vijana wawili, wakaibeba mashine. Joëlle alipomfuata, alijibiwa: «Hiki ni kitu cha dada yetu. Kwetu vitu vya dada vinarudi kwa wajomba. Na muntu hasikie, sinema ya nini?»

Jana alikuja tena, amejaa aibu ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. «Tuliiwasha, haina hata Windows. Imekufa. Nimeipeleka kwa fundi apige formatage.»

Haikufa. Ilikuwa nzima, inafanya kazi kwa namna aliyoipanga mwenyewe kwa miaka. Fundi huyo anataka kufuta kila kitu ndani yake, na kilichomzuia ni kwamba mtaa wake hauna umeme tangu Jumatano jioni. Tunalaani giza la mji huu kila siku, lakini leo tunaliomba lisiondoke. Umeme ukirudi kabla hatujaipata mashine, mzee huyu aliyekaa mbele yenu atakuwa amezika mke wake mara mbili.

Mama Arlette ameacha mume wake, Papa Guelord, watoto watatu, Joëlle, Rubens na Emilie, wajukuu wanne, na kaka mmoja, Papa Damien, ambaye kwa desturi ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Desturi hiyo tunaiheshimu. Udongo huo atautupa mashine ikifika hapa, ikiwa kama alivyoichukua. Kabla ya hapo hakuna atakayeshika koleo, na padri amekubali kungoja kivulini.

Mama Arlette na apate pumziko jema, amelifanyia kazi. Papa Damien, mpigie fundi simu.