Ua wa Nyevu Haukufagiwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza kwa muziki. Muziki utanipa kisingizio cha kuchelewa, na mimi nimeshachelewa miaka thelathini na zaidi.

Jumatatu iliyopita, huko Magongo, Changamwe, alifariki Mama Nyevu. Nyinyi mliofanya kazi kwenye matangi ya mafuta miaka ile ya arubaini mlimjua. Mlikula mahamri yake na mbaazi zake asubuhi kabla ya king'ora kulia. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mama Nyevu wa Magongo amefariki. Alikuwa mwanamke msafi. Nalitanguliza hili la usafi kwa sababu mimi, Phineas, ndiye niliyewaambia watu kinyume chake.

Mwaka wa 1948 nilikuwa nikifanya kazi kwenye gari la sinema. Tulizunguka Likoni, Kisauni na Changamwe tukionyesha filamu za mafunzo ya afya. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Sauti ilikuwa yangu. Nilishika kipaza sauti nikaeleza kilichoonekana kwenye shuka jeupe. Na filamu ikihitaji kukatwa na kuungwa, kazi hiyo pia ilikuwa yangu, kwa mkasi na gundi. Dereva wetu alikuwa Idarus, mtu wa Likoni, mcha Mungu, mwingi wa mzaha.

Siku moja mkubwa wetu, Mzungu mmoja mwenye kamera, alitaka picha za mama na mtoto. Tukapelekwa kwa Nyevu, kwa kuwa ua wake ulisifika. Ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana mchangani. Nyevu alimkalisha mwanawe Thoya kwenye karai. Thoya alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alimwagiwa maji kwa kopo, naye akawa anayakamata kwa viganja, anakuta hana kitu, anacheka, anakamata tena. Sisi sote tulicheka naye.

Majuma mawili baadaye tulirudi kuongeza picha. Thoya alikuwa ameshazikwa. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu.

Tulikuta hanga, yaani matanga. Wanawake wamelala chini juu ya mikeka. Jikoni majivu matupu. Vyombo havijaoshwa, nzi wanatua. Majani ya mkorosho yametapakaa ua mzima, kwa maana penye hanga hapafagiwi mpaka limalizike. Mkubwa wetu hakuyajua hayo. Akapiga picha za ua, na za kikaburi cha Thoya. Mimi niliyajua, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni mtoto wa Kaloleni. Nimelala kwenye mahanga tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu.

Mara ya kwanza niliziunga picha kama mambo yalivyotokea. Thoya anaoga. Kisha kikaburi. Kisha ua wenye majani. Tukaionyesha kwanza kijijini Mwakirunge. Sikuhitaji kusema neno. Wanawake walilia, na wazee wakavua kofia zao. Mkubwa wetu hakufurahi. Alisema watu wanalia tu, hawajifunzi chochote. Akaniambia nitafute njia ili filamu ifunze.

Sasa sikilizeni vizuri. Yeye alisema nitafute njia. Njia yenyewe niliitafuta mimi. Wazo lilikuwa langu.

Sikuongeza picha hata moja. Nilitoa moja tu, ile ya kikaburi. Zilizobaki nikazigeuza. Ua wenye majani ukaja mwanzo, na Thoya karaini akaja mwisho. Basi ikawa hadithi nyingine kabisa: mama mchafu, nyumba chafu, halafu mama akapata mafunzo, na tazama, mtoto mzima anacheka.

Idarus aliiona nilipokuwa nikiijaribu. Akasema, "Wallahi Phineas, hiki ulichofanya si kizuri. Yule mtoto amekufa."

Nikamjibu, "Shekhe, wewe endesha gari." Nilikuwa nimeshapigwapigwa begani na mkubwa wangu kwa sifa, nikavimba kichwa. Ndivyo nilivyokuwa.

Tukaja kuionyesha Changamwe. Kahaso, binti mkubwa wa Nyevu, alikuwa na miaka minane wakati huo. Juzi amenisimulia mwenyewe. "Mama alisikia kwamba sinema ya Thoya inakuja. Akaoga, akavaa leso mpya. Akaniambia, twende tukamwone Thoya. Tulifika mapema tukakaa mbele kabisa."

Alikuja kumwona mtoto wake. Hakuwa na picha yake nyingine yoyote.

Ua ukatokea kwenye shuka. Nami nikasema kwa kipaza sauti, naona haya kuyarudia, nikasema, "Mtazameni mama mvivu. Majani, majivu, nzi. Watu wanalala mchana." Uwanja mzima ukacheka. Kisha Thoya akatokea karaini, nikasema, "Sasa mama huyu ameelimika. Mtazameni mwanawe, mzima wa afya." Watu wakapiga makofi.

Nyevu akasimama mbele ya shuka, picha ya maji ya karai ikimpita usoni. Akasema, "Mwanangu alioga, ndipo akafa. Hakufa ndipo akaoga."

Alisema mara mbili. Waliokuwa karibu walimsikia. Walio nyuma hawakumsikia, na ilikuwa kazi yangu kuwafikishia. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, yeye alikuwa na mdomo wake tu. Nikaongeza sauti, nikaendelea na mafunzo. Idarus ndiye aliyezima jenereta.

Kuanzia kesho yake watu walisema lisemwalo lipo. Sinia za mahamri zikawa zinarudi nyumbani zimejaa, mpaka akaacha kupika. Nami nilijua, na nilipita njia ile ile ya Magongo nikitazama upande wa pili. Majuto ni mjukuu, lakini mimi hata huyo mjukuu nilimfungia mlango.

Kahaso anasema, "Mama alifagia asubuhi, adhuhuri na jioni. Alifagia mpaka ardhi ikashuka, mizizi ya mkorosho ikatoka nje. Tukimwambia ua ni safi, anasema, hamjui nani atakuja na kamera."

Jumatano nilikwenda hangani. Ua ulikuwa umejaa majani. Kijana mmoja akasema mtu wa redio amefika, akakimbilia ufagio. Kahaso akamzuia. "Weka chini. Huyu anajua."

Nikakaa chini na wenzangu. Sikuweza kuinua uso.

Kwa Kahaso, kwa ndugu na majirani wote wa Magongo, poleni sana. Mungu amlaze Mama Nyevu pema. Naomba radhi, na sidai kujibiwa. Na wewe uliyekuwepo uwanjani siku ile, ukacheka, ukapiga makofi, kaa na wanao leo uwasimulie ulichokicheka. Filamu ile sijui iliko. Nilicho nacho ni kipaza sauti tena, basi nayasema kama yalivyotokea.

Thoya alioga. Thoya akafa. Ndipo ua wa Nyevu haukufagiwa.