Mzee Gharib, Visamaki Vyake na Mpwa Wake

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mzee Gharib Zubery anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2004. Muda wote huo alikuwa mtunza tangi la chambo hai la ushirika wetu wa wavuvi, Ujiji. Kazi yenyewe ni kukaa na visamaki wasife hadi wavuvi wa sangala, samaki wakubwa wa ziwani, waje kuwachukua. Tuseme kweli: miaka ishirini ya mwanzo alifaulu zaidi kwenye kukaa.

Adui yake alikuwa kipupwe. Mtu wa Njombe angeicheka baridi yetu, lakini Mzee Gharib ni wa Ujiji, na Ujiji mgeni akitetemeka analishwa. Basi akawalisha. Ugali asubuhi, ugali jioni, na harusi ikitokea mtaa wa Mwanga, visamaki walipata pilau. Kukicha wanaelea, wamekufa wameshiba. Mkewe, Bi Mwasiti, alisema hata yeye hajawahi kutunzwa hivyo.

Mwaka 1999 meneja alichoka: wakifa tena, tangi livunjwe na mtunzaji aende nyumbani. Wiki hiyohiyo akaja mvuvi aliyekimbia vita Kongo, jina lake Dunia, akachungulia maji yaliyochacha.

"Shikamoo, Mzee. Samaki akisikia baridi hali. Hicho chakula kinaoza, ndicho kinawaua."

Mzee Gharib alinuna kutwa nzima. Kuambiwa umnyime mgeni chakula si jambo dogo. Kisha akaacha ugali, akawa anabadilisha maji kidogokidogo na kufunika tangi kwa mikeka. Visamaki wakaishi. Cheti cha pongezi alipewa meneja.

Mwezi uliofuata akaja afisa kukusanya wakimbizi walio nje ya kambi. Dunia, aliyebaki kumsaidia Mzee kazi, alikuwa ndani ya tangi akisugua saruji, anatetemeka, wala si kwa baridi. Mzee Gharib, ambaye hajawahi kukosa swala ya jamaa wala kusema uongo hata wa sokoni, akasema, "Huyu mpwa wangu. Mtoto wa dada."

Mama yake Mzee Gharib alizaa watoto saba, wanaume watupu. Afisa naye ni mzaliwa wa Ujiji, na aliwajua wote saba. Akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaenda zake.

Dunia sasa ana kibali chake cha kuishi nchini, na ndiye anayeandika haya. Mjomba, asante. Mungu akupe afya na umri mrefu wewe na Bi Mwasiti. Wanangu wanauliza bibi yao, huyo dada yako, alikuwa mtu wa namna gani. Nimewaambia wakuulize wewe.